Virusi Vimeondoka, Tumbo Limebaki

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Kiislamu wa Kisii na Nyamira katika matayarisho ya Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu na dada zangu, nilipoambiwa nizungumze juu ya afya na mfungo, wengi walitarajia nitaleta yale ya kila mwaka: punguza sambusa, kunywa maji, futuru kwa tende. Hayo mnayajua na wapo watakaoyarudia. Mimi nataka kusema juu ya jambo tunaloona haya kulitaja, nalo ni choo, gesi, na tumbo linalosumbua miezi, pengine miaka, baada ya mtu kupona kuhara au kupona korona. Ukiona haya kusoma mbele za watu, soma peke yako, lakini soma, kwani huenda mwenye shida hii ni wewe au ni yule mnayelala naye chumba kimoja.

Kuna kijana tunayesoma naye, kwao ni Nyamira, upande wa Keroka. Simtaji jina, maana amenipa ruhusa ya kisa, si ya jina. Mwishoni mwa mwaka 2021 kulikuwa na matanga kwao. Mnayajua matanga ya huku kwetu: watu mamia, sufuria kubwa kubwa, na maji ya kunawa ni beseni moja linalozunguka watu thelathini mpaka maji yanakuwa kama mchuzi. Siku mbili baadaye nusu ya boma walikuwa wanatapika na kuendesha. Siku ya tatu wakaanza kupona, wazee kwa watoto. Yeye pia aliacha kutapika kama wenzake, ila tumbo lake halikurudi kuwa lile alilokuwa nalo. Asubuhi mara tatu nne chooni kabla ya kuingia darasani. Siku nyingine linafunga kabisa. Akila nusu sahani ya ugali anashiba mpaka Alasiri, tumbo limejaa kama ngoma, na baada ya hapo kichefuchefu.

Sasa sikilizeni alivyozungushwa. Kituo cha kwanza alitobolewa kidole akaambiwa ana homa ya matumbo, akachomwa sindano siku tano. Duka la dawa likasema ni vidonda vya tumbo, akameza omeprazoli miezi miwili. Kwingine wakasema ni amiba, akapewa Flagyl. Shangazi yake akasema watu wa boma la pili walimtazama akila, kwa hiyo ni kijicho. Mama yake akauza mbuzi wawili. Mpaka alipofika kwa daktari mmoja aliyeketi naye nusu saa, akamuuliza ilianza lini na ilianza vipi, akapima choo, damu, bakteria wa vidonda na virusi vya UKIMWI, vyote vikatoka safi, ndipo akaambiwa: kuna uwezekano mkubwa ule ugonjwa wa matanga ulikuwa ni virusi, virusi vimeondoka, lakini utumbo wako bado haujatulia.

Katikati ya mzunguko huo ikaingia Ramadhan ya 2022. Akajaribu kufunga, siku ya nne akaanguka darasani. Siku ya sita wenzetu, Waislamu, wakamwona nyuma ya kantini ameshika kikombe cha uji. Hakuna aliyemuuliza. Habari ilifika msikitini kabla yake, na kuanzia hapo akawa haji tarawehe. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Yeye uji wake ndio uliomfanya aulizwe na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Ugonjwa gani huu? Kwa madaktari si kitu kipya. Mwaka 1962 madaktari wawili wa Oxford, Uingereza, waliwaandika wagonjwa 130 wenye matumbo ya kusumbua, wakakuta kwamba karibu robo yao walianza baada ya kuharisha kwa maambukizi. Jina lake la kitaalamu hufupishwa IBS, na ule unaofuata maambukizi huhesabiwa kuwa tawi lake. Hata huku kwetu, mwaka 2002, jarida la East African Medical Journal lilichapisha utafiti kuhusu IBS kwa Wakenya. Kwa hiyo asije mtu akakwambia ni ugonjwa wa Wazungu au wa wanafunzi wavivu.

Linavyotokea ni hivi. Virusi kama vya noro, ambavyo ndivyo mabingwa wa kuangusha nyumba nzima kwa siku mbili, huchubua ngozi laini ya ndani ya utumbo. Ngozi ile hujijenga tena haraka, lakini kwa baadhi ya watu uvimbe mdogo usioonekana kwa macho hubaki, wale vijidudu vyema wanaoishi tumboni hubadilika, na neva za utumbo huwa kama mtu aliyewahi kuibiwa usiku: kila mlio mdogo anaruka. Gesi ambayo zamani usingeihisi sasa inauma. Chakula ambacho zamani kilipita polepole sasa kinapita mbio, au hakipiti. Kwa wengine kinachoathirika ni neva inayoliamrisha tumbo la juu kusukuma chakula kwenda chini, na hapo chakula hukaa saa nyingi bila kuondoka. Hali hii madaktari huiita gastroparesisi. Yule ndugu yetu dalili zake zilikuwa na harufu ya yote mawili.

Na korona je? Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na Ramadhan ya mwaka ule mnakumbuka misikiti ilikuwa imefungwa. Sote tulidhani ni ugonjwa wa mapafu tu. Lakini mlango ambao virusi vile hupitia kuingia kwenye seli uko pia kwa wingi kwenye utumbo, na ndiyo maana wengi waliharisha. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa 2022, uliowafuata watu waliolazwa hospitalini, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja waliokuwa na korona walikuwa na IBS asilimia 3.2, na wale ambao hawakuwa nayo asilimia 0.5. Si wengi. Lakini ukiwa wewe ndiye mmoja kati ya hao, hesabu ya asilimia haikusaidii.

Hapa kuna habari njema, na ninaomba muishike kwa sababu nitairudia kwenye hukumu ya funga. Nchini Kanada waliohudhuria mkutano mmoja wa madaktari walipatwa na virusi vya aina hiyo ya noro kutokana na chakula. Baada ya miezi mitatu karibu mmoja kati ya wanne wa waliougua alikuwa na dalili za IBS. Kuanzia miezi sita na kuendelea hawakuwa tena na tofauti kubwa na wenzao ambao hawakuugua. Kwa jumla, tumbo linaloharibika kwa virusi hupona haraka kuliko lile linaloharibika kwa bakteria au amiba. Wapo wanaokaa nalo mwaka na zaidi, ndiyo, lakini mwelekeo wake ni kupona. Wanaopata zaidi ni wanawake, vijana, waliougua vikali, na waliokuwa na msongo wa mawazo wakati ule. Hili la msongo lisieleweke vibaya. Utumbo na ubongo vinazungumza kwa neva, na mtihani ukikaribia hata mzima hukimbia chooni. Kumwambia mgonjwa kwamba ni mawazo yako tu ni ujinga uliovaa koti jeupe.

Sasa turudi kwenye maduka ya dawa, kwa sababu pesa za wazazi wetu zinaishia huko. Kile kipimo cha haraka cha homa ya matumbo ambacho kila kibanda kinacho hupima kingamwili, yaani alama ambazo mwili umeweka, na alama zinaweza kuwa za zamani au za ugonjwa mwingine kabisa. Homa ya matumbo ipo na inaua, lakini mtu asiye na homa, mwenye gesi na choo cha mara kwa mara kwa miezi mitano, akitibiwa homa ya matumbo mara nne, basi aliyepona ni mwenye duka. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, na kila dozi huwafagia wale vijidudu vyema ambao utumbo unajaribu kuwarudisha. Vidonda vya tumbo navyo vina bakteria wake anayejulikana, hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na akiwepo hutibiwa kwa dozi kamili ya siku kumi na nne. Omeprazoli ya kununua mbili mbili na magadi ya kulamba si matibabu.

Msinielewe kwamba kila tumbo linalosumbua ni hili ninalosema. Zipo dalili ambazo ukiziona usikae nyumbani: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, homa isiyoisha, kuamshwa na kuharisha usiku wa manane, macho kuwa ya manjano, kutapika kila unachokula, au chakula kukwama kooni. Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Huku upande wetu wa magharibi saratani ya koo la chakula si ngeni. Majirani zetu wa Bomet wanaijua vizuri, na huwapata hata watu wa umri mdogo. Ukiwa na mojawapo ya hizo, nenda hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, si kibandani. Kama huna hata moja, na tumbo limekuuma angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu pamoja na choo kubadilika, basi mweleze daktari neno hili hasa: lilianza baada ya kuugua lini. Wengi hatulisemi na daktari hakisii.

Chakula. Jambo la kwanza ni maziwa, na najua nawagusa pabaya, kwani Mgusii bila chai ya maziwa ni kama amepokonywa kitambulisho. Utumbo ukichubuliwa, kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua kwa wiki kadhaa, na wengi wetu ukubwani hata hivyo tunacho kidogo. Acha maziwa wiki mbili uone. Kumbukeni kwamba hata chinsaga ya mama imelowekwa maziwa. Baada ya hapo angalia maharagwe, kabichi, vitunguu vingi, parachichi kubwa zima, na vitu vya kukaanga. Usiviache vyote kwa pamoja ukabaki mifupa. Punguza kimoja kwa siku kumi, andika, rudisha, kisha kingine. Matoke ya kuchemsha, wali, viazi, samaki na kuku, na uji mwepesi wa wimbi usio na maziwa, wengi huvivumilia. Na wale wenzangu wanaotafuna miraa kutoka tarawehe mpaka daku halafu wanalalamika tumbo limefunga, sina dawa yao.

Katika Ramadhan adui mkubwa si njaa. Huku kwetu karibu na ikweta mfungo ni saa kumi na tatu na nusu hivi, mwaka nenda mwaka rudi, na wagonjwa wengi wa IBS huziweza. Kinachowaangusha ni Magharibi: tende, uji, viazi karai, bhajia, pilau na soda ndani ya dakika ishirini. Tumbo linalosukuma polepole haliwezi kazi hiyo. Futuru kidogo, swali, kula nusu sahani, rudi baada ya tarawehe ule kilichobaki, na daku usiikose.

Tuje kwenye hukumu. Msikitini kwetu tuko wengi wa madhehebu ya Imam Shafi, nami nasema kwa kiasi nilichosomeshwa madrasa. Mwenye hali yake ya pekee amwendee ustadhi wake pamoja na maneno ya daktari. Katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akabainisha kwamba anatutakia wepesi. Wanazuoni wakaeleza kuwa ni ugonjwa ambao funga inauzidisha, inauchelewesha kupona au inaleta madhara, na hilo hujulikana kwa mtu kujijaribu au kwa kauli ya daktari mwaminifu. Hakuna mahali walipoandika kwamba lazima ugonjwa uonekane kwa macho.

Lakini hapa ndipo wengi tunapokosea njia, na ndiyo maana nilisema ile habari ya Kanada mtaihitaji. Vijana wenye tumbo hili wakiona mfungo umewashinda hukimbilia fidia: wanatoa unga, wanamaliza, wanasahau. Fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku ni ya mzee asiyeweza na ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Wewe daktari amekwambia tumbo la virusi hutarajiwa kupona. Kwa hiyo deni lako ni siku, si vibaba. Unazilipa ukipata nafuu, moja moja hata kama ni Jumatatu na Alhamisi, kabla ya Ramadhan nyingine. Na kama ugonjwa umekushika mwaka mzima mpaka Ramadhan ikakukuta tena, hukuzembea, deni linabaki palepale bila nyongeza. Ukikaa miaka na daktari akasema hili sasa ni la kudumu na funga inakudhuru, hapo ndipo mlango wa kibaba unafunguka.

Tena ugonjwa huu huja na kuondoka. Hauli mwezi mzima. Kama usiku tumbo limetulia, nuia na ufunge. Likija mchana likakuzidi, fungua, umelipata deni la siku moja tu. Anayekula siku thelathini kwa sababu ya siku nane mbaya amechukua ruhusa zaidi ya aliyopewa, na anayejikaza siku zile nane mpaka aanguke amekataa ruhusa aliyopewa. Kutapika kukikujia chenyewe hakufunguzi. Ukijitia kidole makusudi unafungua.

Na swala. Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko funga, tena kwa kunong'onezwa. Mtu ana gesi, kila rakaa anadhani udhu umetoka, anarudi bombani mara tano, mwishowe anaacha jamaa. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ni kwamba mngurumo wa tumboni hauvunji swala mpaka usikie sauti au upate harufu, shaka haiondoi yakini. Kama kweli inakutoka mfululizo, hupati hata muda wa kutosha udhu na swala, basi wewe ni mwenye udhuru: subiri wakati uingie, tawadha kwa ajili ya faradhi ile, swali moja kwa moja, na kinachotoka katikati umesamehewa. Faradhi inayofuata, udhu mwingine. Ama kujibana, swala ya mtu anayezuia haja ni makruhu, nenda chooni kwanza. Simama safu ya nyuma karibu na mlango, hakuna atakayekuuliza, na akikuuliza mwambie afadhali kuchelewa rakaa.

Yamebaki ya kuzuia, nayo ni machache. Watoto wadogo majumbani kwenu wapelekwe kliniki wapate chanjo ya virusi vya rota. Kenya ilianza kuitoa Julai 2014, bure, na utafiti uliofanywa Kilifi na Siaya ulionyesha inapunguza kulazwa kwa ugonjwa huo kwa karibu asilimia 64. Sisi wakubwa tuangalie futari zetu za pamoja. Sinia moja mikono kumi ni sunna nzuri na ni njia nzuri ya virusi vya noro pia, kwa hiyo lile beseni la kuzungushwa liondoke kabisa. Mtu mmoja ashike birika, amimine, na sabuni iwepo, kwani zile dawa za kupaka mikononi za wakati wa korona haziviwezi sana virusi hivi. Maji ya mto Nyakomisaro yasioshe hata kikombe. Na yeyote aliyetapika au kuendesha asipike wala asipakue futari mpaka siku mbili kamili zipite tangu aache, hata kama anajisikia mzima na hata kama ndiye mpishi wetu bora.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.